Dalili Nilizozibandika Kanisani

Siku ya kuniaga, wenzangu walinipa godoro. Mganga mfawidhi alisema ni ili sasa nipumzike, na watu wakapiga makofi kana kwamba miaka yote ile nilikuwa nalala sakafuni. Nashukuru sana kwa godoro, ni la inchi nane na halina kelele. Tatizo ni kwamba nikijilaza nawawaza ninyi wauguzi mliobaki kliniki ya Chumba Namba Saba, na hasa vijana mtakaoletewa kwa sababu ya bangi. Basi nimechemsha chai, nimechukua daftari. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vipo kwenye faili langu na havijawahi kumsaidia mgonjwa.

Kazi hii sikuichagua. Nilitaka wodi ya wazazi, nipokee watoto, na mmoja mmoja apewe jina langu. Lakini nilichelewa siku mbili kuripoti hospitalini mjini Arusha, kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia yetu huku juu mlimani, na nilipofika wodi ya wazazi ilishajaa wauguzi wapya. Karani aliinua macho akasema, "Imebaki ya akili." Mama yangu aliposikia alilia kama tumefiwa. Alidhani ugonjwa ule unaambukiza, na kusema kweli hata mimi sikuwa na uhakika.

Aliyenipokea ni Mzee Saruni, muuguzi wa siku nyingi, Mwarusha wa Terrat, mrefu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi kola inasimama. Wauguzi wote wa kike alituita yeyo, yaani mama, hata mimi niliyekuwa sina mchumba. Asubuhi hiyohiyo wajomba watatu kutoka Olasiti walimleta kijana akiwa amefungwa kamba mikononi. Mimi nilirudi nyuma hadi ukutani. Mzee Saruni alivuta kigoda, akakaa chini zaidi ya yule kijana, akamuuliza habari ya safari, akamtajia jina lake, akamweleza kwamba sasa anafungua kamba. Akafungua. Kisha akaikunja vizuri, akawarudishia wajomba. "Hii kamfungeni ndama," akasema.

Kwake nilijifunza kuuliza. Alianza na usingizi, akaja kwenye chakula, kisha akauliza ni kazi gani mtu aliyokuwa anaiweza mwezi uliopita na leo haiwezi. Bangi aliiacha mwisho. "Ukianza na bange, yeyo, utajibiwa na mtu anayejitetea," aliniambia. "Ukianza na usingizi, utajibiwa na mgonjwa." Majibu aliyaandika kwa penseli, maneno ya mgonjwa yaleyale, bila kuyasafisha. Nimerithi mtindo huo, na kwa hiyo rejista zangu zina matusi mengi ya watu wazuri.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya mbele yake. Aliletwa kijana wa miaka kumi na saba, anaongea vitu visivyoeleweka, anahema kwa nguvu, na mfukoni ana msokoto. Nani angehitaji maelezo zaidi? Nikaandika "bangi" kwenye rejista, nikapiga mstari chini yake, nikajiona mtaalamu. Mzee Saruni aliisoma, akawaomba ndugu watoke nje kwanza, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yeyo, umempima, au umempekua?" Tukamtoboa kidole. Sukari yake ilikuwa imepanda hadi kipimo kikashindwa kuisoma. Tulimkimbiza wodi ya tiba tukisukuma kitanda sisi wenyewe, na alipona ile hali, ingawa sukari alibaki nayo. Ni kweli alikuwa anavuta. Lakini kilichokuwa kinamuua siku ile hakikuwa kwenye msokoto. Nililikata lile neno kwa mstari mmoja, nikaweka sahihi pembeni kama utaratibu unavyotaka. Mzee Saruni hakulitaja tena mpaka anastaafu, na kwa ukimya ule namshukuru kuliko kwa mafunzo yote.

Niseme sasa ninachokijua kuhusu bangi, maana mtaulizwa na kila mtu, kuanzia wazazi hadi madiwani. Si kila anayevuta anaugua akili, na mkimwambia kijana kwamba atachanganyikiwa kesho, atawaangalia rafiki zake kumi wanaotembea salama na hatawasikiliza tena. Mwambieni ukweli. Ubongo unaendelea kukomaa hata baada ya ndevu kuota, na anayeanza mapema, akavuta mara kwa mara, anauharibia kazi hiyo. Kumbukumbu inapungua, masomo hayashiki, hamu ya kufanya mambo inalegea. Kuna wanaopata hofu kali, kuna wenye kikohozi kisichoisha, kuna wanaopanda pikipiki wakiamini wanaendesha vizuri kuliko jana. Kuna wanaotaka kuacha na hawawezi, na wakijaribu wanakuwa wakali, wanakosa usingizi na chakula hakipiti siku kadhaa; hao waambieni mapema kwamba hali hiyo hupita. Na kuna wachache, hasa wenye ndugu aliyewahi kuugua akili, ambao bangi inawafungulia mlango ambao ni vigumu kuufunga. Mjue pia kwamba mama atakuwa amemnywesha lita mbili za maziwa ili yakate bangi kabla ya kumleta. Msimgombeze, mwambieni tu kwamba mtu mwenye usingizi mzito akinyweshwa anaweza kupaliwa.

Baada ya miaka mingi mjini nilihamishiwa kituo cha afya huku upande wa Maji ya Chai, karibu na nyumbani. Chumba Namba Saba mnakijua, lakini ninyi mmekikuta na dirisha. Mimi nilikikuta na friji ya chanjo, mizani ya watoto na meza yenye miguu mitatu na tofali. Mlangoni paliandikwa KLINIKI YA AKILI kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kuonekana kutoka barabarani. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Nikaomba rangi nyeupe, nikapaka mlango mwenyewe, nikaandika namba tu. Nikachagua Alhamisi mchana, siku ya chanjo, ili anayekaa kwenye benchi asijulikane kafuata nini. Walianza kuja mmoja mmoja, vijana wa kahawa, wa gereji, wa sekondari, na siku moja akaja binti nitakayemwita Upendo. Jina hilo alilichagua mwenyewe, na haya yote naandika kwa ruhusa yake.

Upendo alikuwa na miaka ishirini, msusi katika saluni ndogo hapo barabarani, sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu. Bangi alianza kidato cha tatu, kwanza kwa mzaha, baadaye kila siku. Alikuja mwenyewe, jambo ambalo ni nadra, kwa sababu alianza kusikia watu wakimjadili juu ya dari. Mjomba wa mama yake aliwahi kuugua hivyohivyo akaishia kuzurura. "Sista, mimi sitaki kufika huko," aliniambia. Daktari wa akili aliyekuwa anatutembelea mara moja kwa mwezi alimwanzishia vidonge. Kuacha bangi kulimtesa wiki mbili, akaja kila Alhamisi kunieleza anavyoichukia dunia na mimi nikiwemo. Mwezi wa pili dari ilikuwa kimya. Nilifurahi hadi nikaanza kuimba nyumbani, na mimi sauti sina.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mchungaji wetu aliniomba nifundishe baada ya ibada, Jumapili ya vijana. Nilikuwa nimelewa ushindi, niseme tu hivyo. Nilinunua karatasi ya manila na kalamu nene, nikaandika juu kabisa: JINSI YA KUMTAMBUA KIJANA ANAYETUMIA BANGI. Chini nikapanga dalili. Macho mekundu. Usingizi mchana. Kula kuliko kawaida. Uzito wa kufikiri, kujibu polepole. Kujitenga na wenzake. Nikaibandika ukutani karibu na mimbari, nikaeleza kwa mifano, watu wakacheka mahali pa kucheka. Nilipomaliza, Mzee Elifuraha, mzee wa kanisa aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, alinishika mkono.

"Mwanangu, umetufungua macho. Hii karatasi utuachie ofisini."

Nikaiacha. Niliona ni heshima.

Wiki ya tatu baada ya somo lile Upendo hakuja kliniki. Ya nne pia hakuja. Kituo hakikuwa na utaratibu wa kumfuata mtu asiyetaka kufuatwa, kwa hiyo nilifanya ninachokiweza: nilienda saluni kusukwa. Nilimkuta peke yake, amekonda, anachana nywele za bandia zilizokwisha kuchanika.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba mwanangu. Nisuke mistari, usinivute sana, kichwa ni cha kizee."

Alianza kusuka. Katikati ya kichwa ndipo akaniinamia sikioni. Wazee wa kanisa walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba na dalili zangu wamezinakili kwenye daftari. Vijana saba waliitwa kwenye baraza, watano wakatengwa na Meza ya Bwana na kuondolewa kwenye kwaya. Yeye alikuwa wa kwanza.

"Walisema nasinzia kwenye mazoezi. Nasahau maneno. Nimenenepa ghafla, nakula kama mkulima. Sista, bange nilikuwa nimeacha miezi miwili. Nilikuwa nasinzia kwa vidonge vyako."

Nilitaka kugeuka nimwangalie, alikuwa ameshika nywele. Nilijua ni kweli. Dawa ile inaleta usingizi, inaongeza hamu ya kula, inamfanya mtu awe mzito wa kujibu. Nilimweleza hayo yeye siku ya kwanza. Kanisani sikueleza. Nilikuwa nimewapa wazee wangu picha kamili ya mgonjwa anayetibiwa vizuri, nikaandika juu yake neno bangi.

"Na vidonge?" niliuliza.

"Nimeviacha. Ili nionekane mchangamfu." Akaanza mstari mwingine. "Leo siku ya kumi na mbili. Wale wa juu ya dari wamerudi, lakini bado wanaongea polepole."

Nikamwambia nitakwenda kwa wazee sasa hivi, na nusu ya kichwa changu haijasukwa, niwaambie ni mgonjwa wangu. Aliachia nywele, akaja mbele yangu.

"Ukiwaambia naumwa akili, Sista, nani atakaa kwenye hiki kiti nimsuke? Bora nionekane mvutaji. Mvutaji anatubu, yanaisha."

Hilo nililishindwa. Siri ya mgonjwa ni yake, hata pale inapoweza kumwokoa. Nilimwomba arudie vidonge, akasema ataona. Mnajua maana ya "nitaona" kwenye chumba chetu.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mzee Elifuraha. Nilimkuta anachambua kahawa, mke wake akanipa loshoro, mahindi ya maziwa mgando, nikaiweka kando. Nilimwomba anirudishie karatasi.

"Karatasi ni yako, utaichukua," alisema. "Lakini mambo yaliyomo si ulitufundisha wewe? Au siku ile ulikuwa unatutania?"

"Niliyafundisha nusu, baba. Mtu anaweza kuwa na dalili zile zote na asiwe anavuta."

"Nani? Nitajie mmoja."

Sikuweza kumtaja. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto wake kaanza kuchanganya mambo. Sikumchukia hata dakika moja, na ninyi msimchukie. Mjukuu wake alifukuzwa chuo kwa bangi na hajulikani alipo. Yule mzee alikuwa anawapitia watoto wa wenzake akimtafuta wa kwake.

Nikaenda kwa mchungaji. Alinisikiliza vizuri, akasema waliotengwa wataombewa Jumapili ya mwisho wa mwezi, siku ya kurudi kundini, ila lazima waje wenyewe, wasimame mbele, wataje kosa lao. Upendo asimame ataje kosa gani? Nikamuuliza mchungaji kama mtu ambaye hajatengwa anaruhusiwa kurudi kundini. Akacheka. "Atakuwa anarudi kutoka wapi?"

Kwa wasioyajua ya kwetu: siku hiyo wenye kutubu wanaitwa kabla ya Meza ya Bwana, wanasimama safu moja mbele ya usharika wote, mchungaji anamuuliza kila mmoja anatubu nini. Ni dakika chache zinazokumbukwa miaka mingi. Jumapili ile walisimama wanne: wawili waliokuwa wakiishi pamoja bila kufunga ndoa, fundi mmoja kwa kosa la ulevi, na dada mmoja aliyegombana na mama mkwe hadi kijiji kikasikia. Mimi nikainuka kutoka benchi la wanawake, nikaenda nikasimama wa tano. Nilikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, na nikasikia nyuma yangu kina mama wakivuta pumzi wote kwa pamoja. Nadhani kuna walioanza kuhesabu miezi.

Mchungaji alinifikia akasita. "Sista, unatubu nini?"

Sijawahi kuogopa hivyo, hata mbele ya mgonjwa mwenye panga.

"Natubu kufundisha nusu," nilisema. "Niliwaambia macho mekundu ni bangi. Ni bangi, na ni vumbi, na ni moshi wa kuni, na ni kulia. Niliwaambia usingizi mchana ni bangi. Kuna dawa nyingi halali zinazomfanya mtu asinzie na anenepe. Za kifafa, za mafua, za mambo mengine ambayo hata humu ndani wapo wanaozimeza na hawana haja ya kuniambia. Nilijua hayo, sikuyasema, kwa sababu nilipenda mlivyokuwa mnanipigia makofi. Kuna vijana wametengwa kwa karatasi yangu. Wengine wanavuta, wengine hawavuti, mimi sijui na ninyi hamjui. Hata anayevuta ningependa aje kituoni atibiwe, na sasa hawezi kuja, kwa sababu akinipita njiani anaona karatasi. Kosa ni langu. Naomba msamaha kwao na kwenu."

Mtoto alilia, akanyamazishwa. Kisha nikasikia fimbo ikigonga sakafu, taratibu, kutoka viti vya wazee. Mzee Elifuraha alipita mbele ya mchungaji, akaja akasimama kushoto kwangu, akavua kofia.

"Mchungaji," alisema, "tuandike wawili."

Nililia pale pale, mbele ya watu, na wala sikutafuta leso. Hadi leo nikiyakumbuka maneno yale machache moyo wangu unajaa shukrani. Mtu wa umri ule, mwenye jina lile, angeweza kukaa kimya kwenye kiti chake na hakuna ambaye angemlaumu.

Baraza lilikutana wiki hiyo. Wote watano walirudishiwa nafasi zao bila kuitwa mbele, na karatasi ilichanwa. Lakini Upendo hakuwa ibadani siku ile, na barua ya baraza haimezeshi mtu dawa. Alhamisi ilifika, nikapima watoto na kuchoma chanjo, huku nikiangalia benchi. Hakuja. Alhamisi ya pili, saa nane kasoro, alikuja na mama yake. Alikuwa amevaa kanga kichwani hadi machoni, anajibu watu nisiowaona. Mama yake alikuwa amesikia niliyoyasema kanisani, akaenda nyumbani akamuuliza bintiye swali moja tu: je, wewe ni wa zile dawa za mambo mengine? Upendo akakubali.

Haikuwa rahisi. Ilibidi alazwe mjini wiki tatu. Daktari alipunguza dozi na kuihamishia baada ya chakula cha jioni, ili usingizi uje saa ya usingizi. Kitu chepesi namna hiyo, na ningekiuliza mapema kama ningekuwa nasikiliza malalamiko yake badala ya kufurahia kwamba dari imenyamaza. Na nyie andikeni hilo mahali: mgonjwa akisema dawa inamlaza, ameleta habari ya muhimu kuliko zote za siku hiyo. Alirudi saluni, na wa kwanza kukaa kwenye kile kiti alikuwa mke wa Mzee Elifuraha, ambaye nywele zake zote zingetosha mistari minne.

Tangu hapo wazee wa kanisa walianza kuniletea vijana. Hawakusema neno bangi. Mzee anafika na kijana, anasema, "Nimemsindikiza mgeni wako," anakwenda kukaa mbali chini ya ukuta mpaka tumalize. Wengine waliacha, wengine waliacha na kurudia, wawili niliwazika. Nashukuru kwa wote walioingia ule mlango, kwa sababu kila mmoja alikuwa na njia ya kupita pembeni.

Juzi nilimwita Upendo nimsomee haya, maana yanamhusu kuliko yanavyonihusu mimi. Alikaa ukingoni mwa godoro langu jipya, akasikiliza yote, akacheka pale pa kina mama kuhesabu miezi. Mwishoni nilikuwa nimeandika kwamba alipona kabisa na sasa ana maisha yake. Akanyoosha kidole kwenye daftari.

"Hapo pa kupona, Sista, futa. Wataniona wadogo zangu wanaomeza dawa, wadhani wao wameshindwa. Andika nameza kidonge kila jioni, bange nimeacha, na Jumamosi saluni inajaa."

Nimefuta.